Namna ya Kuorodhesha na Kutunza Sanamu za Mji wa Bagamoyo
Anayetaka kuandaa orodha ya sanamu na nakshi zilizo hadharani Bagamoyo na aanzie Mji Mkongwe, tena asubuhi na mapema, kwa sababu mwanga wa jua linalochomoza huonyesha alama za patasi na nyufa ambazo saa sita mchana hazionekani. Kwa kila kazi andika mahali ilipo, vipimo, malighafi, hali yake, na jina la mchongaji likijulikana. Usiiache milango ya nakshi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sura ya mji huu kabla ya sanamu yoyote.

Kisha kagua madhara ya bahari. Sanamu ya zege huharibika kuanzia ndani: chumvi hupenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kutu hiyo huvimba na kuibandua zege vipande vipande. Ukiona doa la kahawia likichuruzika kutoka kwenye ufa mwembamba kama unywele, usilifunike kwa rangi. Mwite fundi afungue, aisugue nondo, ndipo azibe. Mpingo usiachwe juani, maana hupasuka.

Hatimaye waketishe pamoja wazee wa mtaa na wanafunzi wa uchongaji wa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, waeleze kila kazi ina maana gani kwao. Yaandike maelezo hayo kwa maneno yao wenyewe, na nakala moja ibaki ofisi ya serikali ya mtaa.