Kuijenga Upya Bunduki ya Shabaha: Vipuri vya Kurudisha na vya Kuacha

Mlenga shabaha wa Arusha au Moshi anayekusudia kuijenga upya bunduki yake kwa kawaida huwa tayari ana vipuri vya thamani: mtutu uliokerezwa kwa agizo maalumu, kifyatulio cha mashindano, kitako cha mti au cha alumini, darubini pamoja na pete zake. Vingi viliagizwa kutoka nje ya nchi kwa gharama kubwa na kwa kusubiri vibali, kwa hiyo hakuna anayependa kuviweka kando. Hata hivyo bei ya kipuri haisemi lolote kuhusu ufaafu wake katika bunduki mpya. Kinachopaswa kuulizwa juu ya kila kimoja ni iwapo kinajitegemea kwa vipimo vyake, au kilichongwa na kusuguliwa ili kikae na mwenzake mmoja tu. Kinachojitegemea kinaweza kuhamishwa. Kilichooanishwa huhama pamoja na mwenzake, la sivyo hakihami.

Kabla ya skrubu yoyote kulegezwa, suala la kibali litangulie. Umiliki wa silaha nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mabadiliko yanayogusa kaliba (ukubwa wa risasi) au sehemu yenye nambari ya silaha yanapaswa kuulizwa polisi mapema, si baada ya kazi kwisha. Kazi ya mtutu, chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa) na bolti (kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma) apewe fundi wa silaha mwenye leseni. Mafundi wa kukereza vyuma walioko Unga Limited, Arusha, ni hodari, na huenda wengi wao wangekata uzi wa shafti ya pampu kwa usahihi wa kupendeza, lakini kumpelekea bunduki fundi asiye na leseni ni kumtia matatani yeye na wewe, hata kama kazi yenyewe ingetoka safi.

Bunduki ikishathibitishwa kuwa tupu, chembani na katika magazini, iandikiwe kumbukumbu kabla haijafunguliwa. Andika skrubu ipi ilikuwa wapi, urefu wake, nguvu iliyotumika kuikaza ikiwa inajulikana, na idadi ya risasi zilizokwisha kupita mtutuni. Pete za darubini ziwekewe alama inayoonyesha iliyo ya mbele na iliyo ya nyuma, pamoja na upande ambao kila kifuniko kilikuwa kimeelekea. Kumbukumbu hii huonekana kama usumbufu mpaka siku unapokuta mezani skrubu mbili zinazofanana kwa macho, moja ikiwa ndefu kiasi cha kugusa bolti.

Mtutu ndio unaopotosha maamuzi ya watu wengi, kwa sababu ndio uliogharimu zaidi na ndio unaochakaa kwanza. Kinachouchakaza ni gesi ya moto mkali inayopita mwanzoni mwa michirizi (mifereji ya ndani inayoizungusha risasi), mbele kidogo ya chemba, ambako chuma huungua, hupata nyufa ndogondogo na kulika polepole kuelekea mdomoni. Mtutu wa .308 Winchester, kaliba iliyoanza kuuzwa mwaka 1952, kwa kawaida hubaki na usahihi wa mashindano kwa risasi zipatazo 5,000. Ule wa 6.5 Creedmoor huishi takribani risasi 2,000 hadi 3,000, na kaliba zinazochoma baruti nyingi katika tundu jembamba huishi pungufu ya hapo. Wa .22 unaotumika kwenye mita 50 huweza kuhimili makumi ya maelfu, hivyo mwenye bunduki hiyo hana haja ya kuharakisha.

Usiuhukumu mtutu kwa kuutazama kwa tochi kutoka mdomoni. Fundi auchunguze kwa kamera nyembamba inayoingia ndani, apime mwanzo wa michirizi umesogea mbele kiasi gani, na aukague mdomo, maana mkwaruzo mdogo mahali risasi inapotokea huzibadilisha gesi zinazoisukuma na kuipeleka pembeni. Mdomo ulioharibika unakatwa upya na mtutu unarudi kazini. Mwanzo wa michirizi ukiwa umeungua ilhali sehemu iliyobaki ni nzima, fundi anaweza kuufupisha mtutu kwa upande wa chemba na kuchonga chemba mpya; kazi hiyo ina maana pale tu urefu unaobaki unapotosha na gharama yake inapokuwa ndogo kuliko ya mtutu mpya. Nyufa zikiwa zimekwenda mbali, kuurudisha mtutu huo ni kujenga nyumba mpya juu ya msingi ulioliwa na mchwa.

Mtutu, risiva (mwili wa chuma ambamo mtutu hufungwa na bolti hutembea) na bolti ni vitu vitatu vinavyohesabiwa kuwa kimoja. Kati ya uso wa bolti na sehemu ya chemba inayolizuia ganda la risasi kuna nafasi ambayo hupimwa kwa geji mbili: ya kwanza lazima ikubali bolti kufunga, ya pili lazima ikatae. Nafasi hii huwekwa na fundi kwa mtutu fulani na bolti fulani, na haihamishiki kwa sababu tu uzi umeingia vizuri. Nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka na gesi kurudi kwenye uso wa mlenga. Ikipungua, bolti haifungi au inalazimishwa. Kwa hiyo mtutu uliotoka katika bunduki nyingine, hata ya muundo uleule, upimwe upya kwa geji kabla risasi haijakaribia chemba. Bolti ya kuazima kutoka bunduki ya rafiki isikubaliwe kabisa.

Risiva yenyewe, isipokuwa imepata ufa au kutu iliyokula chuma, ndiyo yenye maisha marefu kuliko vyote. Risiva za Mauser za muundo wa 1898 bado zinafanya kazi katika bunduki za kuwindia za Afrika Mashariki, na umbo la Remington 700, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, limeigwa na watengenezaji wengi kiasi kwamba vitako na vifyatulio vyake hupatikana kwa urahisi kuliko vya miundo mingine. Anayechagua risiva leo kwa ajili ya miaka mingi ijayo azingatie jambo hilo. Springi ya pini ya kufyatulia ibadilishwe bila mjadala. Ni kitu kidogo, na springi iliyochoka huleta mlipuko usiolingana kati ya risasi moja na nyingine.

Kitako ndipo mahali ambapo watu hudanganyika kwa namna ya pili. Risiva hulazwa ndani ya kitako juu ya tabaka la epoksi, gundi inayoganda na kuwa ngumu, lililomiminwa na kugandia umbo la risiva ileile iliyokuwa juu yake. Tabaka hilo ni alama ya risiva moja. Ukiweka risiva nyingine, hata ya muundo huohuo kutoka kiwanda kilekile, itagusa hapa na kuelea pale, na kila mshindo utaisogeza kidogo. Kitako cha zamani kirudishwe, lakini epoksi ikwanguliwe na kumiminwa upya. Ikiwa risiva ni ileile na mtutu pekee ndio mpya, tabaka linaweza kubaki, mradi bamba la kupokea mshindo lililo kati ya mtutu na risiva limerudi mahali pake bila kupinda.

Mfereji wa mtutu nao upimwe. Mtutu wa mashindano unapaswa kuelea bila kugusa mti, na karatasi iliyokunjwa mara mbili ipite kutoka mbele hadi karibu na risiva bila kukwama. Mtutu mpya ukiwa mnene zaidi, mfereji upanuliwe na mti uliochongwa upakwe mafuta au vanishi mara moja. Katika mazingira yetu jambo hili lina uzito, kwa sababu mti uliokauka vizuri mwezi wa Februari hunywa unyevu wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na kuvimba kiasi cha kugusa mtutu upande mmoja. Nafasi iliyotosha kiangazi inaweza kutoweka Aprili. Kitako cha alumini au cha nyuzi za kaboni hakina taabu hiyo, ingawa binafsi napenda jinsi mti unavyolala begani.

Kifyatulio cha mashindano huhama vizuri iwapo risiva ni ya umbo linalokipokea. Kisafishwe bila kumwagiwa mafuta mazito, kisha uzito wake upimwe kwa mizani. Kwa bunduki ya kawaida ya mita 300 katika mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, uzito wa kuvuta kifyatulio hauruhusiwi kuwa chini ya gramu 1,500. Baada ya kufungwa, bunduki ikiwa tupu, bolti ifungwe kwa nguvu mara kadhaa na kitako kigongwe juu ya zulia. Kifyatulio kikijiachia hata mara moja, kirudi kwa fundi.

Darubini inajitegemea, pete hazijitegemei sana. Pete zilizosuguliwa ndani zikiwa juu ya kikalio chake cha chuma, kinachozishikilia juu ya risiva, zirudi juu ya kikalio hichohicho, kwa mpangilio uleule. Hakikisha pia kwamba kipenyo kinalingana, maana bomba la milimita 30 na la 34 hayachangii pete.

Wakati wa kufunga, tumia spana yenye kipimo cha nguvu na ufuate maelekezo ya mtengenezaji. Kwa makadirio, skrubu za risiva juu ya alumini hukazwa kwa niutonimita 7 hivi, juu ya mti mtupu 4 hadi 5, na vifuniko vya pete za darubini takribani 2. Uzito wote upimwe kabla ya kujiandikisha mashindanoni: daraja la F-TR, la mashindano ya masafa marefu, lina kikomo cha kilo 8.25 pamoja na miguu ya bunduki, na mtutu mnene humaliza nafasi hiyo upesi.

Majaribio yafanyike katika uwanja ulioruhusiwa, kwa risasi za kundi moja, na vipimo vya darubini vya mtutu wa zamani visitumike tena. Anayerekebisha bunduki yake Arusha, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, kisha akashindana Moshi ambako hewa ni nzito zaidi, atakuta risasi inashuka zaidi kwenye masafa marefu, kwa hiyo aandike jedwali mbili. Mtutu uliotolewa usiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Uachwe kwa fundi mwenye leseni au uulizwe polisi, na risiti yake ihifadhiwe pamoja na kumbukumbu za bunduki.