Kujiandaa na upasuaji wa tezi ya thaimasi kwa mgonjwa wa miasthenia gravisi

Miasthenia gravisi ni ugonjwa wa kinga ya mwili unaodhoofisha misuli. Upasuaji wa kutoa tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, kwa sababu ya ugonjwa huu si wa dharura. Mgonjwa anayepaliwa na uji au kuhema akiongea hutulizwa kwanza kwa dawa. Hali ikiwa nzito huongezewa imunoglobulini (kingamwili kutoka damu ya wachangiaji) ya mshipani, jumla ya gramu 2 kwa kila kilo ya uzito katika siku 2 hadi 5, au hubadilishiwa plazima, yaani majimaji ya damu. Anayeharakishwa yuko hatarini kukwama kwenye mashine ya kupumulia.

Ulizeni kwanza kama anafaa kupasuliwa. Picha ya CT ya kifua ikionyesha thaimoma, yaani uvimbe wa tezi hiyo, kwa kawaida hutolewa. Kwa wasio na uvimbe, ushahidi mkubwa ni utafiti wa mwaka 2016 wa wagonjwa 126 wa miaka 18 hadi 65, waliougua chini ya miaka 5, wenye kingamwili dhidi ya vipokezi vya asetilikolini, yaani sehemu za msuli zinazopokea ujumbe wa neva. Waliopasuliwa walipata nguvu zaidi na walihitaji prednisoni (dawa ya kutuliza kinga ya mwili) kidogo kuliko waliotumia dawa peke yake. Kwa mwenye kingamwili dhidi ya MuSK, protini nyingine ya msuli, faida haijathibitika, kwa hiyo kipimo cha damu kitangulie kisu.

Mkielekezwa Dar es Salaam, kumbukeni kwamba joto huongeza udhaifu wa misuli wa ugonjwa huu. Aliyekuwa anatafuna ugali vizuri kwenye baridi ya Uyole au Makete anaweza kufika pwani kope zimeanguka. Tangulieni siku kadhaa. Piridostigmini, dawa ya kuipa misuli nguvu, ikae mfukoni, isiwekwe kwenye buti la basi, maana nguvu ya kidonge hupungua baada ya saa chache na safari ni ndefu. Ameze dakika 30 hadi 45 kabla ya kula.

Bandikeni mbele ya faili orodha ya dawa zinazoweza kumdhoofisha: gentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini, kwinini, propranololi, magnesiamu ya sindano. Nyingi ni dawa za kila siku, ndiyo maana hupenya bila mtu kushtuka. Mtaalamu wa usingizi aambiwe mapema pia, kwani rokuroniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, hata kidogo tu humlegeza mno mgonjwa huyu, wakati suksametoniamu, nyingine ya kazi hiyo, huweza kuhitaji dozi kubwa kuliko kawaida. Anayetumia prednisoloni, dawa ya jamii ya prednisoni, asiikatishe mwenyewe.

Daktari hupasua mfupa wa kidari au hupitia matundu madogo ubavuni. Pamoja na tezi hutoa mafuta yanayoizunguka, maana vipande vya tezi hujificha humo, na vikibaki ugonjwa huweza kuendelea. Huchunga neva mbili za kiwambo (msuli mkuu wa kupumulia), kushoto na kulia; ikiumia moja, upande huo wa kiwambo hupooza na pumzi hupungua.

Baada ya hapo maumivu yadhibitiwe vizuri, la sivyo hatakohoa na makohozi yatajaa kifuani. Mate mengi, tumbo kukata na kuhara huenda ni piridostigmini iliyozidi. Dozi ipangwe upya na daktari. Kidari kilichopasuliwa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga: ndoo ya lita 20, jembe na mtoto mgongoni vingoje ruhusa.

Nafuu haiji wiki ile ile. Huchukua miezi, hata miaka, na vidonge hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Mafua ya Juni na Julai yasipuuzwe: akianza kupaliwa na mate, sauti ikipitia puani, au akishindwa kuhesabu hadi 20 kwa pumzi moja, apelekwe hospitali usiku huo huo.