Waya wa rangi tatu au HDMI? Chungulia kwanza nyuma ya runinga

Msimu wa korosho ukianza, kazi yangu ya kufunga runinga na ving'amuzi hapa Mtwara mjini huongezeka. Kosa ninalokutana nalo sana ni moja. Juzi mama mmoja wa Shangani aliniita, baada ya salamu akaniambia, "Mwanangu, ile TV yangu ya chogo ilikuwa na picha nzuri kuliko hii." Runinga yenyewe mpya, inchi 43. Nikachungulia nyuma: king'amuzi kimeunganishwa kwa waya wa rangi tatu, na tundu la HDMI bado lina kifuniko chake cha plastiki.

Kwa hiyo, kabla hujaenda dukani, tazama matundu ya vyombo vyote viwili. Vyote vikiwa na HDMI, chukua HDMI, usisite. Ule waya wa njano hubeba picha nzima katika uzi mmoja, mwanga na rangi vimechanganyika, na mistari ya picha yake haizidi 576. Kwenye kioo kidogo cha chogo huoni kasoro. Kwenye inchi 43 maandishi yanatota na rangi zinavuja pembeni. HDMI hupeleka picha kwa tarakimu, hadi nukta 1920 kwa 1080 na zaidi, pamoja na sauti humo humo. Ila chaneli isiyorushwa kwa HD haitageuka kuwa HD kwa sababu ya waya.

Deki yako ya zamani haina HDMI? Angalia kama ina matundu ya kijani, bluu na nyekundu. Hizo zote tatu ni za picha, nazo ni bora mno kuliko njano peke yake. Sauti utaipitisha kwa nyeupe na nyekundu nyingine, basi zitie alama nyekundu hizo mbili usije ukazipishanisha.

Bei sasa, maana hapa watu wanaumia. Waya wa analojia, yaani hizi za rangi, ukiwa dhaifu, picha hufifia kidogo kidogo, hivyo ubora wake unaonekana. Wa dijitali, yaani HDMI, hauko hivyo: tarakimu zikifika, picha ni ile ile, zisipofika utaona vidoa vinavyometameta au kioo kinakatika giza. HDMI ya bei mbaya yenye dhahabu haitakupa rangi nzuri kuliko ya kawaida iliyo nzima. Kinachokula ishara ni urefu. Mita 2 zinatosha sebuleni. Ukitaka picha ya 4K, ile kali kupita 1080, kwa waya mrefu kupita mita 5 hivi, uujaribu kwanza kabla ya kuupitisha ukutani.

Mwenye TV ya chogo na king'amuzi chenye HDMI tu atahitaji kigeuzi, na hapa uwe makini sana: kipo cha kutoka HDMI kwenda AV (ule waya wa rangi tatu), na kipo cha kinyume chake. Umbo moja, kazi tofauti, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Hakikisha pia kinapata umeme wake wa USB.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Mikindani nimechomoa pini za njano zimeota kutu ya kijani. Zima umeme, zifute kwa spiriti, ziache zikauke kabisa ndipo uchomeke. Za HDMI usizikwangue. Ndani mna viguso 19 vyembamba, kimoja kikipinda umeharibu waya.