Somo: Kufunga bati la alumini kwenye chesisi ya gari uliyochomelea mwenyewe

Nachukulia chesisi imekamilika: paipu za mraba za milimita 25, unene wa 1.6, breketi zote zimechomelewa. Bati ni alumini ya milimita 1.2 ubavuni na 1.5 sakafuni.

Ukiuliza mafundi wa Katwe au Kisenyi, mitaa ya Kampala, utaambiwa "piga riveti tu (vile vijipini vya kubana bati), itashika." Itashika, ndiyo. Ila kwenye barabara zetu za vumbi zenye mawimbi, riveti peke yake hulegea moja baada ya nyingine. Kinachobeba ni gundi. Riveti hubana mpaka gundi ikauke, kisha hukaa kama mlinzi wa usiku.

Hatua ya 1. Kata kielelezo cha kadibodi, kisha ndipo ukate bati. Libane kwa klampu bila gundi, uingie chini na kalamu uchore kingo mbili za kila paipu. Matobo yatafuata mstari wa katikati. Usichore kwa msumari. Mkwaruzo ukiangukia kwenye kunjo, ufa huanzia hapohapo.

Hatua ya 2. Kwa riveti ya milimita 4 (madukani huiita 5/32) toboa kwa ncha ya keekee ya 4.1. Anza katikati ya bati ukielekea pembeni, na kila baada ya matobo machache tia skrubu ya muda bati lisihame. Nafasi: milimita 50 sakafuni, 75 ubavuni. Halafu shusha bati, usafishe midomo ya matobo kwa ncha kubwa unayoizungusha kwa mkono. Kishungi kidogo tu, yaani ukingo mkali ulioinuka kwenye tobo, kikibaki, bati halilali.

Hatua ya 3 ndiyo watu huiruka. Chuma na alumini zikigusana penye maji huwa betri, na inayoliwa ni alumini. Utaona unga mweupe kuzunguka riveti, rangi inavimba, na siku moja kidole kinapita. Chumvi huharakisha mambo. Aliye Kasese karibu na Ziwa Katwe, lile la chumvi, asome hapa mara mbili. Dawa ni kutenganisha: praima ya epoksi (rangi ngumu ya kwanza) kwenye chesisi yote, na ukishatoboa, rudi na brashi ndogo upake mdomo wa kila tobo la paipu, maana keekee imeacha chuma kitupu. Na ile silikoni ya bei nafuu inayonuka siki usiilete kabisa. Harufu hiyo ni asidi, nayo hula metali.

Hatua ya 4. Kwaruza upande wa ndani wa bati kwa msasa wa 120, futa kwa spiriti, na upake gundi mapema kabla utando mpya wa alumini haujawa mnene. Tumia poliurethani, ile nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Mstari usikatike, na uzunguke kila tobo. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, kama milimita 3 kwa siku, kwa hiyo hewa ya Kampala inakusaidia. Piga riveti za alumini za 4 kwa 8 (kipenyo kwa urefu, milimita), koleo la riveti likiwa wima, katikati kwenda nje. Ukisikia "tak", mkia umekatika na kichwa kimekaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kabale: Fundi, ubavu wangu asubuhi umenyooka, mchana unavimba na kupiga "pam" ukiugusa. Nimekosea wapi?

Uliufunga kukiwa na baridi, ndugu yangu. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: bati la mita 2 likipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka milimita 1.4, chesisi 0.7 tu. Ziada haina pa kwenda. Ijayo, weka bati juani, chesisi kivulini, ufunge bati likiwa na joto. Likipoa litajivuta lenyewe. Kwa hilo lililokwisha fungwa, gundisha kipande cha povu gumu katikati kwa ndani.

Jinja: Mabati ya paa ya geji 28 si yangefaa? Ni rahisi.

Ni rahisi na ni membamba, hayafiki hata nusu milimita. Utaendesha ngoma.

Arua: Skrubu za kujitoboa vipi, mzee, ili niweze kufungua baadaye?

Hulegea kwa mitetemo, na ncha zinabaki ndani zikingoja mkono wa fundi. Sehemu za kufunguliwa, kama boneti na kifuniko cha giaboksi, tumia nati za riveti, zile zinazobanwa ndani ya tobo kama riveti, na boliti. Huko usitie gundi.

Mbarara: Kiti naweza kukifunga kwenye sakafu ya alumini?

Hapana. Boliti za kiti na za mkanda ziingie kwenye breketi za chuma zilizochomelewa kwenye chesisi. Bati la milimita 1.5 huchanika kama karatasi gari likigonga.

Jinja tena: Nimetoa riveti mbovu kwa keekee, sasa vipande vinacheza ndani ya paipu, cha-cha-cha, kila nikipiga kona.

Haviwezi kutoka, paipu imefungwa pande zote. Nyunyiza nta ya kuzuia kutu kupitia tobo lilelile kabla hujapiga riveti mpya, uinamishe chesisi vikusanyike upande mmoja, vitaganda humo.