Kubandua alama za hatari kwenye trela bila kuchubua rangi

Mpwa wangu anaendesha lori Minnesota, Marekani. Januari alinipigia simu. Kwangu Nakuru ilikuwa saa nane mchana, kwake saa kumi na moja alfajiri. Amepewa trela iliyotoka kushusha rangi za nyumba, na stika nyekundu ya hatari yenye namba 1263, ile ya rangi zinazowaka, bado imeng'ang'ania pande zote nne. "Mjomba, nikiishika inakatika vipande kama ganda la yai." Kazi ya kubandua stika za malori ndiyo iliyonisomeshea watoto, basi nikamwambia haya, nanyi mnaoendesha huko ugenini nawaambia hayo hayo.

Kwanza hakikisha inafaa kutolewa. Sheria ya Marekani inakataza kubeba alama ya hatari wakati mzigo huo haumo. Lakini tangi ni habari nyingine: likishamwagwa petroli na halijaoshwa na kutolewa mvuke, alama 1203, ile ya petroli, inabaki palepale, kwa sababu ule mvuke unawaka. Sisi wa barabara ya Nakuru–Eldoret tunalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka ukaua zaidi ya watu 100. Kwa hiyo usiguse stika ya tangi kabla hujaonyeshwa karatasi ya kuoshwa. Na zima moto akifika kwenye ajali gizani, ile stika yenye umbo la almasi ndiyo inayomwambia asogee au akae mbali. Ikisema uongo, anayeumia ni yeye.

Sasa kazi yenyewe. Baridi ndiyo adui. Plastiki ya stika ikipoa sana hukauka na kuvunjika, nayo gundi inakuwa kama mawe. Kisumu jua la mchana lingekufanyia nusu ya kazi bure. Minnesota inabidi ulete joto mwenyewe. Ingiza trela gereji kama kuna nafasi, au tumia mashine ya hewa moto. Ya kukaushia nywele inatosha, ila itakuchelewesha. Isogeze huku na huku, usiikazie mahali pamoja, mpaka bati liwe na joto ambalo kiganja chako bado kinavumilia. Usitumie moto wa wazi hata siku moja, wala gesi wala kiberiti.

Anzia kwenye pembe moja. Inua ncha kwa kikwaruzo cha plastiki au kadi ya benki iliyoisha muda, kisha ukunje stika irudi juu ya mgongo wake, karibu ilale kwenye bati, uivute polepole. Ukiivuta kuja kifuani kwako itakatika. Ukiona gundi inavutika nyuzi nyuzi kama mlenda, joto limefika. Endelea kwa mwendo huo huo, hewa moto ikitangulia kidogo mbele ya vidole. Stika moja ina upande wa sentimita 25 hivi. Ipe dakika kumi bila haraka.

Wembe wa chuma uache. Nilipokuwa nikijifunza niliutumia kwenye trela ya mteja hapa Nakuru, nikaacha mistari mitatu hadi kwenye aluminiamu, na gharama ya kupaka upya ilitoka mfukoni mwangu.

Gundi itakayobaki ilainishe kwa WD-40 au Goo Gone. Mafuta ya taa nayo yanafaa, ila mbali na moto na kwenye hewa ya kutosha. Petroli hapana. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa sababu kuna rangi zinazokwanguka. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya gundi dakika tano, ndipo ufute. Wengi hufuta mara moja, gundi inatapakaa na kazi inakuwa mara mbili. Ule utepe mwekundu na mweupe unaong'aa ubavuni uukinge: dawa na joto vinaubandua pia, na trela bila utepe huo ina kosa lake barabarani. Malizia kwa sabuni ya maji, kisha spiriti, la sivyo stika mpya haitashika.

Kama trela ni nzee, utaona kivuli cha almasi pale rangi haikupigwa na jua. Hicho si gundi, usikisugue kwa hasira. Polishi ya magari hukipunguza.

Mpwa wangu alimaliza pande nne kwa saa moja na nusu. Nikamwambia amwombe tajiri wake afunge zile fremu za chuma zenye vibao unavyogeuza kuonyesha alama ya mzigo uliopo, zinazokaa kwenye trela miaka. Ameshaomba, na mbili za ubavuni zimefungwa.