Saa za kripto kwa Mzanzibari alie London, Muscat au Toronto

Yakhe, kabla hujalilaumu soko angalia saa kwanza. Tarehe 12 Machi 2025 mie nimekaa zangu London na chai yangu nasubiri taarifa ya mfumko wa bei ya Marekani, ile inayoitikisa bitcoin kila mwezi, na nshazoea hapa hutoka saa saba na nusu mchana. Nikafungua chati robo saa kabla, nakuta bei ishapanda, ishashuka, oda yangu ishaliwa, na mdogo wangu wa Chake Chake ashanitumia voisi tatu, "kaka uko wapi, mbona imetoka zamani hii". Kwake yeye ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Kwangu mie saa sita na nusu, nipo jikoni nnasubiri maji yachemke.

Kumbe Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, Waingereza wanangoja mpaka Jumapili ya mwisho. Hapo katikati wiki mbili tatu hivi London na New York tofauti si saa tano tena, ni nne. Na mwisho wa Oktoba mchezo huo huo kwa wiki moja, maana Uingereza hurudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Unguja na Pemba hakuna anaegusa saa, ni UTC+3 mwaka mzima, yaani saa tatu mbele ya UTC, ile saa moja ya dunia nzima isiyosogezwa, anaehama ni wewe ulie nje.

Sasa hiyo UTC ndo khasa ya kuijua, kwa sababu kripto haina kufunga duka na chati nyingi zinahesabu siku kwa UTC. Na hapa sisi tuna bahati yetu: chukua saa ya Kiswahili ya nyumbani, ongeza tatu, basi. Saa tatu asubuhi pale Darajani, tatu na tatu sita, UTC ni 06:00. Saa tatu usiku ni sita vilevile ila ya jioni, unaandika 18:00. Saa tisa usiku inakupa kumi na mbili, yaani 00:00, ndo hapo mshumaa wa siku, ule mstari wa chati unaoonyesha bei ya siku nzima, unafungwa na mwengine unaanza. Ile ada ya fyucha, yaani mikataba ya kubashiri bei, masoko mengi huikata kila baada ya saa nane, 00:00, 08:00 na 16:00, kwa hiyo nyumbani ni saa tisa usiku, saa tano asubuhi na saa moja usiku. Ramadhani hiyo ya saa tisa unaweza kuikamata, watu washaanza kuamkia daku, miezi mengine weka alamu kama unataka, mie nalala.

Ulie Muscat unaongeza mbili badala ya tatu, kule nako saa haisogezwi. London ongeza sita wakati wa baridi, tano wakati wa joto. Toronto na New York achana na ya Kiswahili, chukua saa ya Kizungu uongeze tano baridi, nne joto.

Tarehe nayo ina mambo yake. Malipo ya wachimbaji wa bitcoin, wale wanaouendesha mtandao wake kwa kompyuta zao, yaliposhuka kutoka bitcoin 6.25 kuja 3.125 kwa kila bloku ilikuwa 00:09 UTC, tarehe 20 Aprili 2024. Nyumbani saa tisa na dakika tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, na New York bado Ijumaa tarehe 19, saa mbili na dakika tisa usiku. Tena na sisi wenyewe, ukimwambia mtu wa kwetu "usiku wa Ijumaa" yeye anaelewa Alkhamis jua likishazama, wewe ushakaa ng'ambo miaka kumi unamaanisha Ijumaa yenyewe. Siku hizi namuandikia mdogo wangu hivi: "16:00 UTC, saa 1 usiku Pemba, Alkhamis kuamkia Ijumaa". Mrefu lakini hatugombani.

Jikoni nimetundika saa ya pili, nimeiweka UTC na siigusi Machi wala Oktoba. Mke wangu anaiita saa mbovu.