Efeso kwa nusu siku: anzia juu, malizia chini

Magofu ya Efeso, karibu na mji mdogo wa Selçuk magharibi mwa Uturuki, yana milango miwili. Kosa la kwanza la mgeni anayejitegemea ni kuingia kwa mlango wa chini, kwa kuwa ndiko dolmuş, matatu za huko, zinakoshusha abiria. Ukianzia huko utapanda mlima jua likikupiga, kisha urudi njia ileile. Chukua teksi kutoka Selçuk hadi mlango wa juu, mita ikiwa imewashwa, uteremke na barabara ya kale, na dolmuş ikurudishe mjini ukitokea chini.

Safari yenyewe si ngumu. Wanaotoka Nairobi au Dar es Salaam kwa kawaida huunganisha ndege Istanbul hadi Izmir, na treni inayopita uwanja wa ndege wa Izmir hufika Selçuk kwa muda wa saa moja hivi. Lala Selçuk. Uwe langoni saa 2 asubuhi, kwa sababu meli za watalii hutia nanga Kuşadası na mabasi yao humwaga watu kwenye mlango huohuo wa juu kuanzia saa 3. Ukichelewa, afadhali usubiri hadi saa 10 jioni wakati wa kiangazi, mradi umeulizia saa ya kufunga.

Beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na kofia. Kivuli ni haba. Viatu viwe na soli ya mpira yenye meno. Marumaru ya barabarani imesuguliwa na nyayo kwa karne nyingi, na ikipata mvua kidogo huteleza kama sabuni. Vyoo viko milangoni tu. Vile vya Kirumi utakavyovikuta katikati, matundu yamepangwa kwenye benchi la mawe bila hata pazia, ni vya kutazama.

Sehemu ya juu, penye ukumbi mdogo wa baraza, ipite haraka. Simama kwenye Lango la Herakle: lilibanwa makusudi ili magari ya kukokotwa yasipite, na kutoka hapo unaona barabara yote ikishuka hadi maktaba. Hekalu la Hadriano liko upande wa kulia. Michongo yake ni nakala; ya asili imo kwenye jumba la makumbusho la Selçuk.

Mkabala wake, chini ya paa kubwa la kisasa, ziko nyumba za matajiri zilizojengwa kwa ngazi ubavuni mwa kilima. Tiketi yake ni ya ziada na wengi huikwepa. Usiikwepe. Humo ndimo utaona watu walivyoishi: sakafu za mozaiki, kuta zenye michoro ya rangi, mabomba ya maji, na maelfu ya vipande vya marumaru ambavyo mafundi huviunganisha kama fumbo. Tenga dakika 40, na ujue ngazi ni nyingi.

Maktaba ya Celsus ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2 na Aquila kwa heshima ya baba yake, Celsus, ambaye kaburi lake limo chini ya jengo. Ulichokiona kwenye picha zote ni uso wa mbele, uliosimamishwa upya na wanaakiolojia wa Austria katika miaka ya 1970. Sanamu nne za wanawake ni nakala. Za asili ziko Vienna. Tazama nguzo za katikati: ni nene kuliko za pembeni, hila ya kulifanya jengo lionekane pana kuliko lilivyo.

Mbele kidogo waongozaji huonyesha unyayo uliochongwa kwenye jiwe na kusema ni tangazo la danguro. Cheka, lakini usiandike popote, ushahidi hakuna.

Ukumbi mkubwa wa wazi wa maonyesho ulichukua watu wapatao 24,000. Ndipo, katika Biblia, Matendo 19, umati uliochochewa na Demetrio mfua fedha ulipopiga kelele za kumtukuza mungu wa kike Artemi kwa saa mbili. Panda safu za juu kama ziko wazi, utazame barabara iliyonyooka kuelekea bandarini. Bahari huioni: mto ulileta matope hadi bandari ikafukiwa, na mji ukafa pamoja nayo. Kulia kwa barabara hiyo kuna Kanisa la Maria, linalohusishwa na Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 431.

Mlangoni utakutana na wauza "sarafu za kale". Nyingi ni bandia, na ikitokea ni ya kweli, kuitoa Uturuki ni kosa la jinai.

Nyumba ya Mama Maria mlimani inahitaji teksi ya kwenda na kurudi. Patana na dereva akusubiri. Waislamu wengi huongeza pango la Watu wa Pangoni, vijana wanaosimuliwa katika Kurani kuwa walilala humo miaka mingi, mojawapo ya kadhaa yanayodaiwa kuwa lenyewe.

Hekalu la Artemi, lililohesabiwa miongoni mwa maajabu saba, acha liwe la mwisho, kando ya barabara ya kurudi Selçuk. Kimebaki kinamasi na nguzo moja iliyounganishwa kwa vipande, mara nyingi ikiwa na kiota cha korongo juu. Dakika 15 zinatosha. Sanamu za Artemi mwenyewe zimo kwenye makumbusho mjini.